Sure, certain, confident, positive: nitumie lipi? Maswali ya wasomaji

Toleo hili maswali karibu yote ni ya Kiingereza, na cha kushangaza watu wengi mmekwama sehemu moja, haya maneno ya uhakika. Nimeyakusanya hapa, mengine nimeyafupisha maana kuna watu mnaandika kama mnatoa ushahidi mahakamani.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika barua ya kuomba kazi, nikaweka "I am certain that I can do this job well". Rafiki yangu akasema futa hiyo, weka confident. Nikamuuliza kwa nini, hana jibu, anasema tu inasikika vizuri. Kamusi nimefungua naona sure, certain, confident, positive, zote wameandika "-enye uhakika". Sasa kama zote ni kitu kimoja tunasumbuana nini?

JIBU: Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi, ila hajui kwa nini yuko sahihi, na hayo ndo matatizo ya kujua lugha kwa sikio. Kamusi nayo haijakudanganya, imekupa maana halafu imekuachia wewe kazi ya kujua neno linakaa wapi.

Anza na kitu unachokijua tayari. Ukisema "nina uhakika atakuja" huo uhakika uko kichwani mwako, na inawezekana kabisa umekosea. Ukisema "ni hakika kwamba kila mtu atakufa" hapo hujizungumzii wewe tena, unazungumzia jambo lenyewe, uwepo usiwepo liko palepale. Kiingereza kina mgawanyo huohuo. Certain inakaa pande zote mbili, unasema "I am certain" na unasema pia "It is certain that they will lose". Sure inampenda zaidi mtu. "I am sure" sawa, lakini "It is sure that they will lose" hiyo mhariri atakukatia, nimeiona kwenye insha nyingi mno. Utasikia "one thing is sure", ni kweli ipo, ila ni msemo uliokwisha kuzoeleka, usiuchukue ukaufanya sheria. Hata ile kauli ya Benjamin Franklin, kwenye barua ya mwaka 1789 kwenda kwa Jean-Baptiste Le Roy, kwamba duniani hakuna kitu cha kuita certain isipokuwa kifo na kodi, neno lililoko mle ni certain, maana kinachosemwa ni hali ya mambo, hayo mawazo ya mtu hayamo.

Asili zake zinasaidia kidogo. Sure imetoka kwenye Kilatini securus, yaani asiye na wasiwasi. Certain imetoka kwa certus, ambayo inahusiana na kitenzi cha kuchekecha na kupambanua. Kwa hiyo moja ilianza kama hali ya moyo na nyingine kama kitu kilichoamuliwa baada ya kuchambuliwa. Ukiona mtu anaandika "I am certain" badala ya "I am sure", mara nyingi anataka uelewe kwamba ameangalia, hajajisikia tu.

Sasa rudi kwenye barua yako. Ukimwambia mwajiri "I am certain that I can do this job" anajiuliza umejuaje, hujakaa kwenye hicho kiti hata siku moja. Confident ni neno la imani, lina mzizi mmoja na maneno ya Kilatini ya kuamini na kutegemea, kwa Kiswahili ningelitafsiri "nina imani kwamba nitaiweza". Linaangalia mbele, linakubali kwamba jambo bado halijatokea, halafu linasema msingi ninao, nimesoma, nimefanya kazi kama hii, kwa hiyo natarajia mazuri. Unajiamini bila kujifanya nabii.

Na angalia hiyo sehemu ya "mazuri". Confident haipendi habari mbaya. "I am confident that we will win" safi. "I am confident that we will lose" hiyo anaisema adui yako, au mtu aliyebeti upande wa pili. Polisi na wanasayansi wao wanaitumia hata kwa mabaya, wakimaanisha ushahidi wao una nguvu, lakini wewe kwenye maongezi ya kawaida ukisema "I'm confident that he is very ill" watu watakuangalia mara mbili.

Ukiiweka confident mbele ya nomino inageuka sifa ya mtu, "a confident speaker" ni mzungumzaji anayejiamini. Hapo huwezi kuweka sure wala certain. Jaribu "a certain speaker" uone umeingia wapi, na swali linalofuata linahusu hicho hicho.

Kuhusu positive, hilo ni neno la mdomoni zaidi kuliko la barua. Sikiliza watu wawili wameshatoka nyumbani wako njiani:

"Did you lock the door?"
"Yes."
"Are you sure?"
"I'm sure."
"Are you positive?"
"I'm positive, I heard the click."

Unaona ngazi hiyo? Positive inakuja pale mtu anapobanwa, na mara nyingi anayejibu anakuwa na kitu alichoona au alichosikia, hapa ni ule mlio wa kitasa. Confident hapo haiingii hata kwa nyundo, manake mlango umefungwa au haujafungwa, hakuna cha kutarajia. Halafu kwenye barua positive ina mtego, ina maana yake nyingine ya kuona mambo kwa upande mzuri. "I am positive about this job" msomaji ataelewa una mtazamo mzuri juu ya kazi, wala sio kwamba una uhakika. Ukiitaka kwa uhakika ifuatishe na that, na ukitaka kuikazia sema "absolutely positive", usiseme "very positive", ukisema very umerudi kwenye mtazamo mzuri. Na kwenye mambo ya vipimo hospitali ndo kabisa, hapo positive ina kazi yake nyingine.

Basi andika "I am confident that I can do this job well", mara moja tu inatosha. Kuna watu wanaiweka kila aya mpaka unaanza kuwashuku.

SWALI: Nimesoma hadithi inaanza "A certain man came to the house". Huyo mtu ana uhakika wa nini?

JIBU: Hana uhakika wa chochote maskini, ni "mtu fulani" tu. Certain ikija baada ya is, am, are ni uhakika. Ikija mbele ya nomino yenye "a", au nomino ya wingi, mara nyingi ni "fulani", yaani mwandishi anamjua au ana sababu ya kutomtaja. "Certain people are not happy" ni "kuna watu fulani hawajafurahi", na wenye akili washajijua. "To a certain extent" ni "kwa kiasi fulani". Ikiwa nomino yenyewe ni jambo lisilohesabika kama kifo au kushindwa, na hakuna "a", uhakika unarudi, "certain death" ni kifo ambacho hakina pa kukwepea.

Ndo maana ukitaka kusema dalili ya uhakika, sema "a sure sign". "A certain sign" itasomeka "dalili fulani" na sentensi yako imepotea. Vilevile "a sure way". Ila usiseme "a sure man", sure mbele ya nomino inataka vitu, mtu haimtaki.

SWALI: Mwalimu naomba unisaidie, kwenye mtihani tulipewa "She is sure to win" na "She is sure of winning" tuseme kama zina maana moja, mi nikajibu ndiyo, nikakosa. Bado sielewi.

JIBU: Hili swali nalipenda kuliko yote ya leo, na aliyelitunga huo mtihani alijua anachofanya.

Jiulize uhakika ni wa nani. "She is sure of winning", uhakika ni wake yeye, yuko pale anajiona mshindi. "She is sure to win", uhakika ni wa anayesema, ni mimi ninayekwambia kwamba huyu hakosi kushinda, na yeye mwenyewe huenda anatetemeka hajalala usiku kucha. Kiswahili kinaitafsiri vizuri sana hiyo ya pili kwa "hakosi", yaani hakosi kushinda, hakosi kuja, hakosi kuchelewa. Na ukiambiwa "Be sure to call me" ni "usikose kunipigia", hakuna mtu anayekuamuru uwe na uhakika kichwani.

Ukitaka kuamini kwamba ni vitu viwili tofauti chukua sentensi hii, "She is sure of winning, but she is sure to lose". Kama zingekuwa na maana moja hii ingekuwa upuuzi, lakini ni sentensi nzuri kabisa, yeye anaamini atashinda, mimi nimemtazama nikaona huyu anakwenda kupigwa.

Kwa sababu uhakika ni wa anayesema, hiyo ya "to" inakubali hata vitu visivyo na akili. "It is sure to rain", "The plan is sure to fail". Mvua haina uhakika wala mpango hauna, anayesema ndo anao. Lakini "The plan is sure of failing" hapana, utakuwa umeupa mpango kichwa na mawazo. Certain inafuata njia hiyo hiyo, certain to na certain of.

Kuna ndugu yao bound, "She is bound to win". Hii nayo ni hakosi, tena ina nguvu kidogo zaidi, maana neno lenyewe ni "amefungwa", kama vile mambo yamejipanga hayana njia nyingine. Ila bound ina masharti yake, haina "of", huwezi kusema "I am bound of winning", wala "I am bound that". Halafu kwenye mikataba soma taratibu, "You are bound to pay" haimaanishi hutakosa kulipa, inamaanisha umefungwa na mkataba, ni wajibu wako ulipe, na kama kulipa hutalipa hilo ni suala lingine.

SWALI: Bosi wangu aliniandikia "Surely you have sent the report?" nikaona ananishukuru nikajibu "Surely". Hakujibu tena. Nimeharibu?

JIBU: Hahaha, pole. Hakuwa anakushukuru ndugu yangu, alikuwa na wasiwasi.

Surely imetoka kwa sure lakini imekimbia mbali na nyumbani. Mtu akisema "You have certainly sent it" anasema umetuma kweli, anajua. Akisema "Surely you have sent it" hajui, anatumaini, na ndani yake kuna ile "usiniambie hujatuma". Kwetu kazi hiyo inafanywa na "si" ya mwanzoni, "Si umeshatuma ripoti?" Ukisikia sauti ya hiyo si, umeshaisikia surely. Bila shaka yetu nayo inateleza vivyo hivyo, "bila shaka umeshakula" mara nyingi anayesema hajui kama umekula.

Kama jibu, kwa rafiki sema "Sure", kwa bosi au mteja sema "Certainly". "Surely" kama jibu ipo lakini ni ya kizamani kidogo, sio kosa la kufukuzwa kazi. Na ukisikia Mmarekani anasema "He sure can sing" usimsahihishe, kwao sure inafanya kazi hiyo, ila usiiandike kwenye ripoti.

Ripoti yenyewe ulishatuma lakini?

SWALI: Kati ya sure na certain lipi lina uhakika mkubwa zaidi? Nataka kwa asilimia kama inawezekana.

JIBU: Unataka asilimia eh. Watu wenye kazi nzito kuliko mimi na wewe wameshalitaka hilo na likawatoa jasho.

Kuna kesi moja huko Uingereza. Mahakama zao siku hizi zinapenda kuwaambia wananchi wanaoamua kesi za jinai kwamba wasimtie mtu hatiani mpaka wawe "sure". Sasa wale watu wakauliza, tuwe certain kiasi gani? Jaji akawajibu kwa namna ya kutenganisha, kwamba wanatakiwa wawe sure, hakusema wawe certain. Suala likafika Mahakama ya Rufani mwaka 2002, nao wakasema kuchora mstari kati ya hayo mawili hakusaidii. Yaani majaji wakubwa kabisa, wenye lugha yao, wameshindwa kukupa asilimia unayoitaka, na mi nadhani walifanya vizuri. Certain inasikika nzito zaidi, rasmi zaidi, ina harufu ya ushahidi. Kwamba imezidi kwa kiasi gani hakuna anayeweza kukupimia.

Ila wapo walioamua kuweka namba kwa nguvu. Sherman Kent, mchambuzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 1951 timu yake ilitoa tathmini kwamba uvamizi dhidi ya Yugoslavia ni "serious possibility". Mtu mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza hiyo ndo kiasi gani, yeye akasema kama 65 kwa 35 kwamba itatokea, jamaa akashtuka, alikuwa ameelewa chini ya hapo kabisa. Kent akarudi kuwauliza wenzake walioandika naye sentensi hiyohiyo, akakuta kuna aliyemaanisha 80 kwa 20 na kuna aliyemaanisha 20 kwa 80. Wote wameweka sahihi kwenye sentensi moja! Baadaye, mwaka 1964, akachapisha mizani yake, "almost certain" akaipa kama asilimia 93, ikipanda au kushuka 6.

Wanasayansi wa IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, nao wana mizani yao, "virtually certain" kwao ni asilimia 99 hadi 100, "very likely" ni 90 hadi 100. Na kinachonifurahisha kwao ni kwamba confident hawakuichanganya humo, wameitengea kazi yake. Wakiandika "high confidence" wanapima ushahidi, una ubora gani na watafiti wanakubaliana kiasi gani, na hapo hakuna asilimia.

Halafu wanahisabati wakavuruga kila kitu. Kwao "almost surely" maana yake ni uwezekano wa 1 kamili, yaani asilimia 100. Rusha sarafu bila mwisho, "almost surely" utapata kichwa angalau mara moja, na hiyo almost ipo kwa sababu mfululizo wa mikia mitupu unaweza kuuwaza ingawa uwezekano wake ni sifuri. Kwa hiyo almost ya Kent ni 93 na almost ya mwanahisabati ni 100, sasa wewe niambie nikupe asilimia ipi.

Kwenye maongezi nitakwambia kitu kimoja ambacho kamusi haziandiki. Hayo maneno mara nyingi yanapunguza uhakika badala ya kuongeza. Mtu amekwama kwenye foleni, simu yake imezimika, mama yake ana wasiwasi. Ukimwambia mama "He is fine" anashusha pumzi, umeongea naye. Ukimwambia "I'm sure he is fine" anajua papo hapo kwamba hujaongea naye, unamtuliza tu. Mwenye habari hana haja ya kutangaza uhakika wake. Ukiona email imejaa "I am absolutely sure", "I am quite certain", uliza ushahidi uko wapi.

Kwenye kukanusha ndo usiseme. "I'm not sure about that" kwenye kikao sio lazima iwe hajui, mara nyingi anakukatalia kwa adabu. "I'm not convinced" anakukatalia na adabu inakaribia kuisha.

SWALI: Convinced na definite umezisahau mwalimu, au hazimo?

JIBU: Zimo. Convinced inasimulia safari, kulikuwa na shaka au hoja halafu mtu akashindwa nguvu na hoja, ndani yake kuna Kilatini cha kushinda. Kwa hiyo "I am convinced" ni "nimeridhika baada ya kusikiliza". Lakini ukimsema mtu mwingine, hasa kwenye present tense, chunga sana, "He is convinced that everyone hates him" ni "amejiaminisha kwamba watu wote wanamchukia", na anayesema haamini hata kidogo.

Definite ni ya vitu kuliko watu, tarehe, mpango, jibu. "Nothing definite yet" ni "hakuna kilichothibitishwa bado". Usiichanganye na definitive ambayo ni ya mwisho, iliyomaliza mjadala. "A definite answer" ni jibu lililo wazi, linaweza kuwa ndiyo ya leo ikabadilika kesho, "a definitive answer" ni lile ambalo baada yake hakuna anayeuliza tena. Na kwa wale mnaoandika definately, ndani ya hilo neno kuna finite, herufi a haimo kabisa.